Siku Tisa za Mwalimu Kulthum

Mwaka 1954, katika shule moja ya wasichana mjini Bagamoyo, hapakuwa na mtu aliyeajiriwa kusikiliza shida za wanafunzi. Kazi hiyo Kulthum binti Mbaruk alijipa mwenyewe.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili na ushonaji, umri wake miaka ishirini na sita, binti wa muuza nguo ambaye wazee wake walitoka Omani. Alikuwa ameozwa mara tu alipomaliza chuo cha ualimu, akaachika kabla mwaka haujapinduka, na katika kuolewa na kuachwa kwake hakuna aliyemuuliza yeye alitaka nini. Aliporudi kwa baba yake na kuanza kufundisha, alijiwekea desturi. Kila siku baada ya masomo alibaki darasani na msichana mmoja, wakashona pamoja. Alikuwa amegundua kwamba mtoto akiwa na sindano mkononi na macho yake yako kwenye kitambaa, husema mambo asiyoweza kuyasema akitazamwa usoni. Mmoja alimweleza kuwa huja shuleni bila kula. Mwingine alitaka tu kujua mtu hufanyaje hata akawa muuguzi. Mwalimu mkuu, Bi Zuleha, aliona huko ni kupoteza wakati, lakini hakumkataza.

Mwezi wa Oktoba ilifika zamu ya Ashatu binti Mwinyimvua. Alikuwa wa darasa la nne, miaka kumi na mitatu, na baba yake alikuwa mchoma chokaa wa Mlingotini. Pale mjini alikaa kwa shangazi yake, Mwanamkasi. Alikuwa miongoni mwa wasichana hodari kabisa wa darasa lake, lakini tangu Agosti mambo yalimharibikia. Aliitwa asiitike. Katika imla aliruka maneno mazima. Bi Zuleha alikwisha kumchapa mara mbili kwa kiburi, na sasa alisema kwamba asipobadilika atalikata jina lake katika orodha ya mtihani wa kuingia shule ya kati. Mtihani wenyewe ulikuwa umebakiza siku tisa.

Walikaa wakashona. Kulthum alimuuliza jambo la kawaida, kama uzi umemtosha. Ashatu hakujibu. Akamuuliza tena kwa sauti kubwa zaidi, na bado mtoto akaendelea kushona upindo kana kwamba yuko peke yake. Kulthum akaweka kitambaa chake chini, akainama mpaka uso wake ukawa mbele ya uso wa Ashatu, akauliza mara ya tatu. Hapo mtoto akajibu upesi, kwa adabu, akiitazama midomo yake.

Kulthum akaelewa. Akamwomba afungue ushungi kidogo. Sikio la kushoto lilikuwa linatoa usaha, na ndani ya kanga palikuwa na pamba iliyolowa mafuta ya nazi.

Ashatu alianza kulia, kisha akasimulia. Hata sikio la kulia lilikuwa likisikia nusu tu. Mama yake mdogo alipoteza usikivu angali msichana. Watu wakaacha kumwita kwa jina lake, wakamwita bubu, na mpaka leo hulala banda la uani na kuelekezwa kazi kwa kidole. Baba yake akijua, alisema, atamrudisha Mlingotini siku hiyo hiyo.

"Mwalimu, nakuomba. Mpaka mtihani upite. Ukipita nitasema mwenyewe."

Kulthum alijua kwamba usaha si jambo la kungoja. Alijua pia kuwa mtoto huyu hajawahi kumwamini mtu mwingine kwa siri hii. Akamwambia, "Sitasema." Bi Zuleha alimweleza tu kwamba msichana ana mafua mazito na anaomba kukaa dawati la mbele. Akaruhusiwa, na jina lake likabaki katika orodha.

Siku nane zilizofuata zilimtesa Kulthum. Kila asubuhi alitafuta uso wa Ashatu kwanza kabla ya kuita majina. Alimletea kitambaa safi na maji ya moto yenye chumvi, akamsafisha sikio nyuma ya darasa. Siku ya nne usaha ulipungua, akapumua. Siku ya sita ulikatika kabisa, akamshukuru Mungu. Hakujua kwamba kukatika kule ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeacha kutoka nje na kuanza kuchimba ndani. Siku ya nane Ashatu hakugusa chakula. Kulthum alimshika paji la uso, likamchoma kiganja. Alisimama akakaa, akasimama akakaa, na mwisho hakwenda kwa mtu yeyote. Mtihani ulikuwa kesho yake.

Asubuhi hiyo Ashatu alikuja amejifunga kanga mpaka kidevuni. Msimamizi aliyetumwa kutoka ofisi ya elimu aliketi kando ya mlango, na Kulthum ndiye aliyepewa kazi ya kusoma imla. Sharti lilikuwa kila sentensi isomwe mara mbili, bila kusimama. Akaanza. Alisoma akimwelekea Ashatu, polepole, akitamka kila herufi. Katika sentensi ya nne aliona penseli ya mtoto imesimama. Kichwa kililala upande, kanga ikateleza, na nyuma ya sikio ukaonekana uvimbe mwekundu uliolisukuma sikio lenyewe mbele.

Kulthum akanyamaza.

Msimamizi alimkumbusha kuwa haruhusiwi kukatiza. Bi Zuleha, aliyekuwa amesimama dirishani, akamwambia kwa sauti ya chini aendelee. Wasichana thelathini na mmoja walimtazama, penseli zikiwa juu ya karatasi. Kulthum akaiweka karatasi ya mtihani mezani.

"Mtoto huyu ni mgonjwa," alisema, "na mimi nimejua tangu siku tisa zilizopita."

Akambeba Ashatu mgongoni. Alipokuwa akitoka mlangoni, alisikia Bi Zuleha akiiokota karatasi na kuanza kusoma pale alipoachia. Ashatu, mdomo wake karibu na shingo ya mwalimu, alisema neno moja tu, "Uliahidi."

Hospitalini daktari hakuhitaji kutazama sana. Usaha umeingia kwenye mfupa, alisema, na ukiendelea utafika kwenye ubongo. Ni lazima apelekwe Dar es Salaam akapasuliwe, lakini kwanza apatikane mzazi wa kutoa idhini. Karani wa hospitali akatumwa kwa baiskeli Mlingotini. Kulthum alikaa kwenye benchi akiitazama barabara. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Shangazi Mwanamkasi alifika, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akahamia benchi la pili.

Mwinyimvua aliwasili saa saba na nusu, vumbi la chokaa bado limo kwenye nyusi zake. Alimwona mwanawe, akatoka, akaja kusimama mbele ya Kulthum.

"Mwalimu, wewe ulijua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

Alilirudia lile neno, siku tisa, bila kupandisha sauti. Kulthum alingoja atukanwe, na laiti angetukanwa. Mwinyimvua aliingia ndani, akaweka dole gumba kwenye karatasi ya idhini, na gari la hospitali likaondoka.

Ashatu alipona. Sikio la kushoto likafa kabisa, na la kulia likabaki na usikivu wa nusu. Kulthum akapata barua ya onyo kwa kuvuruga mtihani, na Bi Zuleha akamkataza kubaki na wanafunzi baada ya masomo. Hakubisha.

Mwezi wa Desemba alikwenda Mlingotini. Mwinyimvua alimjibu salamu akarudi kwenye tanuri lake. Ashatu hakutoka ndani. Akaenda tena wiki ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu mtoto alikuja akaketi kushoto kwake, sikio lake la kulia likimwelekea mwalimu, akauliza, "Ungesema siku ile ya kwanza, ningekuwa nasikia?"

"Daktari anasema huenda."

"Lakini mimi ndiye niliyekuomba usiseme."

"Wewe ulikuwa mtoto mwenye hofu. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nilikosa mimi, Ashatu, si wewe."

Kisha Kulthum akamuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa: sasa unataka nini? Ashatu akasema anataka kuufanya ule mtihani.

Kumshawishi Mwinyimvua ilikuwa kazi nyingine. Kwake yeye, mtoto asiyesikia amekwisha. Alikuwa ameyaona hayo kwa shemeji yake. Kulthum hakumwahidi lolote. Alimwomba tu amlete Ashatu shuleni siku moja, naye asimame nyuma ya darasa. Alikuja naye Februari, amevaa kanzu safi. Bi Zuleha mwenyewe alimpa kiti, lakini hakukaa. Kulthum akasoma imla, uso wake ukiwa wazi mbele ya dawati la Ashatu. Madaftari yaliposahihishwa, Ashatu alikuwa amekosa maneno mawili, na ni msichana mmoja tu aliyempita. Mwinyimvua aliliomba lile daftari. Hakujua kusoma, lakini alilifunua ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho. Alipolirudisha aliuliza kama mtoto anaweza kukaa kwa Mzee Mbaruk, baba yake Kulthum, mwaka huo, ili awe karibu na mwalimu.

Ashatu alifaulu. Mwaka 1961 alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya serikali Dar es Salaam, akinakili barua kwa macho siku nzima, na wakuu wake walimsifu kwa kutokukosea.

Bi Zuleha alipostaafu, Kulthum alirudia desturi yake ya kubaki na msichana mmoja mmoja. Ila sasa, kabla mtoto hajafungua mdomo, alimwambia hivi: "Siri yako nitaitunza. Lakini ikiwa ni jambo la kukudhuru, nitalisema, na wewe utakuwa wa kwanza kuambiwa kwamba nakwenda kulisema." Wengine, wakishasikia hivyo, waliinuka wakaaga bila kusema kitu. Hao ndio aliowafuatilia zaidi.