Shikamoo, Kompyuta

Sifa njema ni za Mola aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, kisha akamwachia avumbue kalamu za namna nyingine. Mojawapo niliiona Msambweni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, katika chumba cha nyuma cha zahanati. Wakati huo nilikuwa nikisomesha chuo cha Kurani, watoto kwa vijana.

Ilikuwa kompyuta. Kila kijana aliingia peke yake, akachagua nambari yake ya siri, akaandika swali lolote kuhusu mwili wake au maradhi ya zinaa, bila kutaja jina. Nesi, mama Mkristo kutoka bara, aliandika jibu, na baada ya siku mbili kijana alirudi kulisoma. Mimi niliombwa niyapitie majibu yasije yakagongana na dini. Nilikubali upesi, maana nilitamani kujua watoto wetu wataiuliza nini mashine ambacho hawakutuuliza sisi.

Kwanza kabisa, waliiamkia.

"Maalim, tazama," nesi alisema akicheka. "'Shikamoo kompyuta, habari za nyumbani?' Nyumbani kwake ni wapi, ndani ya nyaya za stima?"

"Mwandikie marahaba. Salamu hujibiwa."

"Nimeandika marahaba tangu asubuhi, vidole vinauma."

Waliuliza kama maji ya bahari huosha kisonono. Waliuliza kama msichana hushika mimba mara ya kwanza. Hukumu za hedhi na janaba nilikuwa nimewasomesha bila kuona haya, nikadhani nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimegusa ukingo tu.

Siku moja nesi alinisomea hili: "Ama baada ya salamu, nina kidonda sehemu za siri. Hakiumi. Harusi yangu ni Mfungo Mosi. Nikinyamaza kitapona?" Mwishoni palikuwa na dua fupi ya kumwombea msomaji nuru ya macho. Dua ile niliitunga mimi, na nililifundisha darasa moja tu. Katika darasa lile, aliyekuwa akioa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ni mmoja, na nikaha yake nilitakiwa kuifungisha mimi.

Nikainuka kutafuta viatu.

"Waenda wapi, Maalim?"

"Kwa baba yake. Yule binti anayemwoa ataingiziwa maradhi ndani ya nyumba."

"Ukienda, kesho hakuna atakayeigusa mashine hii. Na yeye atatukimbia. Yaonekana ni kaswende, na sindano zake ninazo. Anayekosekana ni yeye."

Nikakaa. Nikaomba niandike jibu mwenyewe. Kwa kidole kimoja, tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri, niliandika: "Waalaikumu salaam, mwanangu. Kidonda huenda kikajificha, lakini maradhi yatabaki. Kuuliza si aibu. Kumpa mwenzio maradhi unayoyajua ndiyo dhulma. Njoo kwa nesi kabla ya harusi."

Siku zikapita. Nesi hakuniambia kitu, nami sikumwuliza, ingawa kila nilipomwona ulimi uliniwasha.

Kisha kijana akaja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, Maalim. Naomba harusi isogezwe hadi Mfungo Pili. Natibiwa. Mchumba wangu nimemweleza, amekubali kusubiri."

"Marahaba. Basi tutasubiri sote."

Alifika mlangoni, akageuka. "Ile kompyuta ya zahanati, Maalim, iliniita mwanangu."

"Ina adabu," nikamjibu.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mola akujaalie mtu wa kumwuliza lile usilothubutu kuuliza, na akupe nuru ya macho.