Alama za Uongo Kwenye Kalenda ya Mama Ramila

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu wa Kitisuru bado umetanda uani. Philister Nanyama anatembea hatua moja nyuma ya mwajiri wake, mikono ameifumbata mgongoni.

"Hapo ndipo penye kazi," ananong'ona. "Kutomshika."

"Wewe hapana shika mimi," anajibu Mama Ramila, mwenye miaka sabini na minne, bila kugeuka.

Nanyama, mzaliwa wa Busia anayeishi Kinoo, amefanya kazi katika nyumba hii miaka kumi na mmoja. Mwaka jana, 2005, daktari wa Hurlingham alipima mifupa ya bibi huyu akakuta imekonda. Aliagiza dawa, na matembezi ya nusu saa kila siku kwa mwendo wa wastani, kwani mfupa usiobeba uzito huzidi kudhoofika. Tejas, mwana wa bibi huyo, akatundika kalenda jikoni. Wakitembea, Philister aweke alama.

Walitembea siku nne. Ya tano, Mama akalalamikia magoti.

"Nikamwonea huruma. Kwetu, ukiacha mtu mzima ahangaike na wewe uko hapo, watu watakusema. Nikamwambia, Mama kaa, mimi nitaleta."

Akaleta chai, shali, hata miwani iliyokuwa mezani pale pale. Na alama?

"Niliweka. Kila siku. Miezi saba." Anafunika uso kwa kanga. "Niliogopa kuonekana mvivu."

Tejas alimsifu mbele ya wageni, akamnunulia sweta. "Weee! Hiyo sweta sikuivaa. Ningeivaa na uso gani?"

Machi mwaka huu, Mama Ramila aliegemea kiti ainuke, kifundo cha mkono kikavunjika. Daktari akaitazama kalenda, akatikisa kichwa: ikiwa anatembea hivi na mifupa haipati nafuu, basi dawa imeshindwa, itabidi apewe kali zaidi. Philister alikuwa mlangoni, amebeba mkoba wa Mama.

Siku ya tatu baada ya hapo, akamweleza Tejas yote.

"Nilitaka afungashe saa hiyo hiyo," Tejas anakiri. "Mama ndiye alikataa."

Mama Ramila anainamisha kichwa. "Mimi nilikuwa naona yeye naandika. Mimi nyamaza. Mimi pia nilipenda kukaa."

Ukweli ulipomfikia daktari, dawa haikubadilishwa. Daktari hakusema kukaa ndiko kulikovunja mkono. Alisema tu kwamba miezi saba imepotea. Maneno hayo Philister anayarudia mara tatu tukiongea.

Leo wamefika kwenye mti wa jakaranda, nusu ya njia ya kwenda langoni. Anatumaini kwamba ikifika sikukuu ya Diwali, Mama atafika lango lenyewe na kurudi kwa miguu yake.

"Na alama ataweka mwenyewe, kwa huo mkono uliopona," anasema. "Mimi ile kalamu ya kuwekea alama nilimkabidhi."