Plasta Juu ya Taa Nyekundu

Mimi hufagia zahanati, na kila asubuhi namwona fundi akiligusa jokofu la chanjo kwa mgongo wa mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Jokofu lenyewe ni la umeme wa jua. Wageni waliolileta walimfundisha siku mbili tu, wakaondoka na kompyuta ya kulirekebishia. Tangu Jumatatu linawaka taa nyekundu. Ameiziba kwa plasta. "Fundi, liko salama?" muuguzi alimuuliza leo. "Halina shida, dada," akajibu, akarudisha bisibisi mfukoni.

Kisha akapita kwenye foleni, akamwinamia binti yake aliyempakata mtoto. "Mwanangu, mrudishe mjukuu wangu nyumbani. Chanjo mtakuja wiki ijayo." Binti akaondoka. Nyuma yake nilikuwa mimi, niliyeacha ufagio nimlete mwanangu achanjwe, na muuguzi alikuwa ameshanyoosha mikono ampokee.