Harusi Iliyosubiri Muhula

Dada yangu alikuwa aolewe Desemba, na masomo yangu ya nje yalikuwa yaishe mwishoni mwa Januari. Tulipogundua kwamba mambo hayo mawili yanagongana tulicheka, maana wakati ule lilionekana suala dogo la kusogeza tarehe.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea Kifaransa na ualimu. Shahada yetu ilikuwa na sharti ambalo wengi wetu hatukulitilia maanani tulipojiunga. Kabla ya kuhitimu, kila mwanafunzi wa lugha lazima akaishi kwa muda katika nchi inayozungumza lugha hiyo, asome huko, na masomo hayo yahesabiwe kwenye shahada yake. Bila hivyo, hata ufaulu namna gani, huvai joho. Mshauri wetu wa masomo, mama mmoja mpole aliyependa kuongea huku akimenya machungwa, alituita ofisini mmoja mmoja kutueleza njia zilizokuwapo. Mimi alinipa mbili. Ya kwanza ilikuwa Bujumbura, kozi ya likizo ndefu, mahali ambapo mtu anafika kwa basi. Ingehesabiwa nusu, na nusu iliyobaki ningeifidia kwa kuandika tasnifu ya Kifaransa nikiwa chuoni. Ya pili ilikuwa muhula mzima Ufaransa, kwenye chuo kilichokuwa na makubaliano na chetu, gharama zote juu yao. Nafasi zilikuwa chache, nami nilikuwa mmoja wa waliobahatika.

"Usinijibu leo," aliniambia. "Nenda kwanza nyumbani ukazungumze na watu wako."

Nyumbani ni Kisondela, karibu na Tukuyu, na watu wangu walikuwa wawili tu, baba na dada. Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Dada alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne, akabaki nyumbani. Tangu siku zile za msiba yeye ndiye aliyenisuka nywele, akanipikia, akaenda kwenye vikao vya wazazi shuleni. Walimu wageni walidhani ni mama yangu, naye hakuwasahihisha. Alilima migomba na parachichi pamoja na baba, akawa anakusanya parachichi za majirani na kuziuza kwa wanunuzi waliokuja na magari yao. Kwa kazi hiyo ndipo alipokutana na mchumba wake, bwana shamba wa Nkunga, aliyekuja kuwafundisha wakulima wa kwetu kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunganisha tawi la aina bora kwenye shina la mche mwingine. Alikuwa mtu wa maneno machache. Dada akicheka, naye anacheka, hata kama hakusikia kilichochekesha. Baba alimpenda mapema. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuletwa, na kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilikuwa imekwisha kukaa kikao chake cha kwanza.

Likizo ilipofika nikawaeleza yote. Baba alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama baridi ya Ufaransa inaishinda ya Tukuyu, kisha akasema uamuzi ni wangu. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuchagua Bujumbura. Nilimwambia dada jikoni, tukimenya ndizi za mchana. Aliweka kisu chini.

"Kwa nini Bujumbura?"

"Niwahi kurudi. Una harusi Desemba."

"Harusi ni yangu, itanisikiliza mimi," akasema. "Wewe nenda huko mbali. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili."

Nikamwambia basi waendelee tu na Desemba yao, mimi wataniwekea picha. Alitikisa kichwa. Akachukua kisu, akaendelea kumenya.

"Mama hayupo. Na wewe usiwepo. Nitatoka nyumbani na nani?"

Shangazi zetu walikuwapo, na alilijua hilo. Lakini sikuweza kulisema. Keshoye alizungumza na mchumba wake, na yule bwana akakubali harusi isogezwe hadi Pasaka. Hakukubali kwa shangwe, kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa presha na alitaka kumwona mkwewe ndani ya nyumba mapema. Hata hivyo alikwenda mwenyewe kuwaeleza wazee wake, hakumtuma mshenga. Nilipoaga kurudi chuoni alinipa mkono akaniambia nisome, nisiwe na wasiwasi.

Miezi iliyofuata tulihangaika na maandalizi. Dada alinisindikiza Tukuyu kufuatilia cheti cha kuzaliwa, kisha Mbeya kwa ajili ya pasipoti, akikaa kwenye mabenchi ya ofisi na kikapu chake mapajani kama vile safari ni yake. Chuoni nilikaa na mshauri wangu tukilinganisha masomo. Hili la kule litasimama mahali pa hili la hapa, lile litasimama mahali pa lile. Somo la tafsiri ndilo lililotupa shida. Lilikuwa la lazima kwenye shahada yetu, na kule lilifundishwa muhula wa kwanza, kwa hiyo ndio muhula niliouchagua. Tulipomaliza, mama yule alifuta mikono akasema mpango wangu umekaa vizuri. Nami niliamini hivyo.

Sitasema uongo kwamba niliteseka Ufaransa. Niliupenda ule mji. Wiki za kwanza sikuelewa watu, walikuwa wanameza nusu ya maneno, na kila nilipofungua mdomo dukani muuzaji alinijibu taratibu kama anayeongea na mtoto. Baadaye masikio yakafunguka. Kulikuwa na mwalimu wa fasihi aliyenipa nisome ukurasa mzima kwa sauti mbele ya darasa, na nilipomaliza nikagundua kwamba hakuna aliyecheka na kwamba mimi mwenyewe sikuogopa. Jikoni bwenini nilipika ndizi zilizotoka sijui nchi gani, ngumu, hazina ladha, na wenzangu wakazila kwa heshima. Kila Jumapili, nyumbani wakishatoka kanisani, nilipiga simu. Baba aliuliza wanalima nini huko. Dada aliuliza kama ninakula.

Novemba mwalimu wa somo la tafsiri aliugua. Walitangaza kwamba somo lake limehamishiwa muhula wa pili. Nilimwandikia mshauri wangu siku hiyohiyo, naye akanitetea kwenye kikao cha idara mara zaidi ya moja. Jibu lilikuja lilelile. Somo ni la lazima na halina mbadala. Ama nibaki kule mpaka Juni, chuo kile kilikuwa tayari kunilea, ama nirudi nirudie mwaka, bila uhakika wa mkopo wangu wa masomo.

Nikampigia dada. Nilipomaliza kumweleza nilisikia kuku wa nyumbani wakilia nyuma yake.

"Kaa," akasema.

"Na Pasaka?"

"Tutasogeza."

"Dada, olewa. Mtanipigia simu ya video, nitaona kila kitu."

"Harusi si mpira, mtu auangalie kwenye simu."

Alicheka, na mimi nikacheka. Nikabaki.

Yaliyotokea baada ya hapo niliyajua niliporudi. Kila Jumapili nilipouliza habari za shemeji nilijibiwa kwamba yuko salama, na mimi nikaridhika na jibu hilo, kwa kuwa nilikuwa na mitihani na nilikuwa na furaha yangu.

Dada alipoomba harusi isogezwe mara ya pili, wazee wa upande wa bwana shamba hawakuelewa. Kwao ilikuwa ni namna ya kukataa kwa adabu. Waliuliza ni harusi gani inayomngoja mdogo mtu amalize shule, na kusema kweli hata kwetu shangazi waliuliza hivyohivyo. Mama wa bwana shamba alizidiwa na presha, akalazwa, akatoka akiwa dhaifu. Bwana shamba alikuja mwenyewe Kisondela kumwomba dada wafunge ndoa kimyakimya, watu wachache, asubuhi moja kanisani, na sherehe ifanyike nikirudi. Dada akamwomba amvumilie hadi Julai tu. Waliagana bila ugomvi, kila mmoja akiwa na matumaini kwamba mwenzake atalegea.

Kisha bwana shamba akahamishwa kikazi. Serikali ilimpeleka Katavi, na wazee wake wakasema kijana hawezi kwenda kuanza maisha ugenini peke yake kwa sababu ya mtu anayesoma Ulaya. Mshenga alikuja mchana mmoja wa mvua. Baba alinisimulia kwamba siku zote yule mzee alichanganya Kiswahili na Kinyakyusa, lakini siku hiyo aliongea Kinyakyusa kitupu toka mwanzo hadi mwisho, na baba akajua tangu salamu kwamba amekuja kwa jambo zito. Alikunywa chai yake yote, akamshukuru dada, ndaga fijo, ndaga fijo, ndipo akasema. Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alichukua vikombe akaenda kuviosha.

Ng'ombe walirudishwa. Baba na mdogo wake waliwaswaga wenyewe, wakatoka alfajiri, kwa miguu njia yote hadi Nkunga, na kila waliyekutana naye alijua maana yake.

Mimi nilirudi Julai, msimu wa ukungu na baridi. Dada alinipokea stendi ya Tukuyu, akanikumbatia, akanishika mashavu, akasema nimekonda, akabeba begi kubwa akaniachia dogo. Njiani aliniuliza maswali mengi kiasi kwamba sikupata nafasi ya kuuliza la kwangu. Tulipofika nyumbani niliona zizi tupu, majani yameanza kuota pale penye alama za kwato.

"Ng'ombe wako wapi?"

"Wamerudi kwao," akasema, kama mtu anayezungumzia wageni, akaingia ndani na begi langu.

Baba ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa nje kwenye benchi. Nilimuuliza kwa nini hawakuniambia miezi yote ile.

"Ungekuja," alisema. "Dada yako alisema ungeacha shule ukaja, na hapo tungekuwa tumepoteza vyote viwili."

Nilitaka kusafiri hadi Katavi nikamweleze yule bwana. Nilisema hivyo mbele ya dada usiku tukila, naye akasema tu kwamba chakula kinapoa. Baadaye tulisikia kwamba ameoa huko.

Nilihitimu. Somo la tafsiri nililolisubiri lilikuwa hapo kwenye matokeo, na alama yake nzuri. Dada alikuja kwenye mahafali akiwa na gauni lililoshonwa kwa kitambaa cha sendofu yake, akapiga picha na mimi nikiwa na joho. Sasa nafundisha sekondari Tukuyu. Vipindi vingi ni vya Kiswahili, na Kifaransa nina darasa dogo tu la wanaokitaka. Huniuliza kule kukoje. Nawaambia ni kuzuri, kwa sababu ni kweli. Mara nyingi nimetamani kungekuwa kubaya, nikae nikijua nasikitikia nini.

Dada hakuolewa. Mgane mmoja wa kule kwetu, mtu mwema aliyefiwa na mkewe, alipeleka maneno kwa baba, na dada akasema hapana kabla mjumbe hajakaa sawasawa kwenye kiti. Biashara yake ya parachichi imekua. Ana chumba cha kuhifadhia, ana vijana wanaomchumia, na wanunuzi wanamwita mama. Baba amezeeka, na dada ndiye anayemtunza.

Mwaka juzi mama wa bwana shamba alifariki. Dada alinipigia akasema twende tukazike. Nilishangaa, lakini niliomba ruhusa shuleni, tukaenda Nkunga. Bwana shamba alikuwapo, amenenepa kidogo, pamoja na mke wake na mtoto wao. Alitusalimia vizuri. Dada alimpa pole kwa mikono miwili, kisha akavua viatu, akaenda nyuma kwa akina mama, akajifunga kitenge akaanza kazi. Wakati wa chakula nilimwona akipita na jagi na beseni kuwanawisha watu. Alipofika kwa mke wa yule bwana alimwagia maji taratibu, akamsubiri amalize, akamnawisha na mtoto. Yule mwanamke alimshukuru. Sidhani kama alimjua dada ni nani.

Wakati wa kurudi tulitembea kuifuata barabara kubwa. Sikuwa nimewahi kumuuliza, miaka yote ile.

"Dada, uliumia?"

"Niliumia sana," akasema. Hakusimama. "Nilimpenda yule. Si kila mtu anapata wa kumpenda hivyo."

Nikasema laiti ningekwenda Bujumbura.

"Na mimi laiti ningekubali kutoka na shangazi," akasema. "Nilikuwa mkaidi. Nilidhani mtu akikupenda anasubiri tu, hata iweje."

Nilingoja aongeze kitu, labda kwamba si kosa langu, au kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, kama watu wanavyosema. Hakuongeza. Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa mlima, naye akakaza mwendo, akanihimiza tuwahi kabla njia haijateleza. Nilimfuata nyuma. Nilitaka kumwomba msamaha, na mpaka leo sijamwomba.