Manati ya Mama Mkwe

Manati ya dukani sijawahi kuiona, na ningeiona nisingeinunua. Manati ni kama meno: ya mwenzako hayakufai hata yawe meupe namna gani. Nimeanza kutengeneza manati nikiwa na kimo cha jembe. Leo ni mtu mzima, nina mke, kibanda cha kushona viatu mjini Kisii na cheti cha kidato cha nne nilichokipata kwa masomo ya jioni, lakini nikiona tawi la mpera lenye panda nzuri bado nasimama katikati ya barabara kama mtu aliyeitwa jina. Pikipiki zinanipigia honi, abiria wananitukana, nami nimeshika kidevu nakadiria pembe.

Ugonjwa huu ulizidi siku mteja mmoja aliponiletea viatu vilivyofungwa kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo. Viatu nilivishona upesi. Ukurasa niliusoma wiki nzima. Ulieleza habari za bunduki za kuwindia za kutengenezewa: mwindaji anapimwa mkono, bega, na umbali wa jicho hadi shavu, kisha fundi anachonga kitako cha mbao mpaka bunduki ikiinuliwa tu inajilaza mahali pake, kama mtoto anayeujua mgongo wa mama yake. Na mwandishi aliisifu zaidi ile ya mtutu wa wastani. Si ndogo ya kumkasirisha mnyama, wala si kubwa ya kumng'oa bega mwenyewe. Nilisoma hapo nikatikisa kichwa mpaka shingo ikalia.

Sasa, Kenya hii kuwinda ni marufuku, na bunduki ukiitaka utajibu maswali mpaka uote mvi. Tena mimi sina haja ya kuua chochote. Hata kuku wa sikukuu nachinjiwa na jirani. Lakini wazo la chombo kilichokatwa kwa mwili wa mtu mmoja tu chini ya jua liliniingia likakaa. Nikasema, wao na bunduki zao, mimi na manati yangu. Ya wastani, ya kutengenezewa. Shule nayo ikachochea. Mwalimu wa fizikia alipotufundisha jinsi mpira unavyoweka nguvu ukivutwa, wenzangu waliandika. Mimi nilitoa mfano mfukoni. Mwalimu alimaliza somo akiwa nyuma ya meza.

Basi, mwaka huu manati ikanipeleka kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi Manga, upande wa Nyamira, kwenye shamba lililoegemea ukingo wa mlima vibaya sana, kuku wake wakiteleza wanaangukia kata nyingine. Ni mjane, na wimbi ndiyo sifa yake. La sokoni halitaki, anasema lina mchanga wa kutosha kujengea choo. Binti yake wa mwisho alikuwa amepata mchumba, kijana wa kaunti za kando ya ziwa anayefanya kazi mjini, na wazee wa kijana walikuwa wamepanga kuja kujitambulisha. Mama mkwe akaapa mbele ya majirani: wageni hao watakula obokima wa wimbi la mkono wake, ule ugali mweusi wa heshima, ama yeye hatatoka jikoni kuwasalimia. Na wimbi lilikuwa shambani bado, ndiyo kwanza linaanza kukomaa.

Tatizo lilikuwa tumbili. Tumbili wa Manga wanamtofautisha mwanamume na mwanamke kuliko karani wa sensa. Suruali ikitokea, wanapotea porini. Rinda likitokea, wanaendelea kula. Dume lao moja, lenye mkia kama kamba ya ng'ombe, lilikuwa likimtazama mama mkwe machoni huku likitafuna, kama mgeni aliyeletewa kadi ya mwaliko.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia siku moja alipotoka kwao, "mama anataka hiyo kitu yako."

"Kitu gani?"

"Manati. Amerusha mawe mpaka bega limekataa. Wimbi ya upande wa juu imeisha, imebaki ya chini."

Nilifurahi nikaacha kiatu cha mteja na sindano ndani yake. "Nitaenda kumpima lini?"

Mke wangu aliniangalia kama nimesema nataka kuoga sokoni. "Kumpima nani? Mama yangu?"

Hapo nikakumbuka mimi ni nani. Kwetu Abagusii kuna chinsoni, yaani heshima ya wakwe. Mimi na mama mkwe tunasalimiana kwa mbali, yeye akiangalia ndizi, mimi nikiangalia mawingu. Mkono wake siugusi. Na manati ya kutengenezewa bila kuona mkono ni sawa na kushona viatu vya mtu aliyeko Marekani kwa kusikia sauti yake redioni.

Mke wangu akajaribu njia ya kisasa: akampiga mama yake picha ya mkono, akanitumia kwa simu. Picha ikanikuta kibandani. Nilipoifungua, ule mkono ulijaa kioo kizima, mistari yote, kovu la panga, kidole gumba kama cha mchimba madini. Niliona haya nikaifunika simu kwa soli.

Jirani yangu kibandani ni mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa. Amezaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko mshono wangu wowote. Haoni kitu akanyamaza.

"Fundi, simu inasikia baridi leo?"

"Ni mkono wa mama mkwe, mama."

"Mkono tu?"

"Mkono tu."

"Na uso umekuiva hivyo! Angetuma mguu ungezimia." Akacheka mpaka vitambaa vikaanguka. Kisha akawa fundi mwenzangu. "Picha haina kipimo, baba. Si nyinyi mna ule ugali mweusi unaoshika kama lami? Mwambie aufinye, aukaushe, akuletee umbo. Mkono wenyewe ubaki kwao na heshima yake."

Ningeweza kumpa kibanda.

Siku chache baadaye mke wangu akaja na kitambaa, ndani yake donge la obokima lililokauka likawa gumu kuliko barabara ya kwenda Marani. Kila kidole kilikuwa kimeacha bonde lake. Pia alileta uzi aliompimia mama yake kutoka ngumi hadi shavu, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa. Niliweka vile vitu juu ya meza nikavizunguka kama daktari.

Sijawahi kutengeneza kitu kwa raha vile. Nilichagua panda ya mpera niliyokuwa nimeikausha juu ya jiko tangu mvua zilizopita, nzito kiasi, isiyo na fundo. Nikachonga shina nikilinganisha na donge, bonde kwa bonde, mahali pa gumba nikapalainisha kwa kipande cha chupa mpaka nzi wakawa wanateleza. Mpira nikaukata kwenye tyubu ya baiskeli, si wa tyubu ya lori, maana huo unataka mtu aliyekula ng'ombe mzima. Kikalio cha jiwe nikakitoa kwenye ulimi wa buti la polisi mstaafu, ngozi laini kama sikio la ndama. Na risasi? Nilizifuata kijijini Tabaka mwenyewe. Wachongaji wa mawe ya sabuni wakimaliza twiga na viboko vyao, vipande vinabaki chini. Niliokota kikapu, nikavisugua msasa vikawa gololi. Jiwe hilo ni laini, likigonga mwamba linapasuka vumbi jeupe, pwaa! Halimuui mnyama, linamvunjia heshima tu.

Nilipomaliza niliinua ile manati, nikaiona nzuri, lakini mkononi mwangu ilikaa kama kiatu cha mtu mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yenyewe. Haikuwa yangu.

Jumamosi tukapanda Manga. Mimi nikasimama nje ya ua, mgongo nimeupa shamba kama inavyotakiwa, nikitazama bonde. Mke wangu akawa mtangazaji.

"Ameishika... Ameiangalia... Anaipanguza na leso."

Kutoka ndani nikasikia sauti ya mama mkwe: "Mbuya mono!" Yaani safi kabisa. Moyo wangu ukawa mkubwa kama boga.

"Ameweka jiwe. Anavuta. Dume liko pale juu ya mwamba linamwangalia. Anavuta..."

Kisha nikasikia kaa! juu ya mabati ya jikoni. Kuku walilipuka. Ng'ombe alilia. Mbwa wa boma la tatu akabweka.

"Amepiga jikoni," mke wangu akatangaza.

"Nimesikia."

Jiwe la pili likaingia kwenye karai la maji. La tatu likapita juu ya kofia yangu, nami nilikuwa upande ambao hakuna tumbili hata mmoja. Tumbili walikusanyika wakakaa, wengine na watoto wao mgongoni, kama watu waliokata tiketi.

"Inamzunguka mkononi," mke wangu akasema. "Gumba halipati mahali."

"Haiwezekani! Nimechonga bonde la gumba mimi mwenyewe. Ameishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, si ndiyo anavuta na wa kulia?"

"Na ugali aliufinya kwa mkono gani?"

Mke wangu akasema kwa hasira, "Wa kulia! Ulitaka mama yangu akutumie mkwe mkono wa kushoto?"

Nikakaa chini kwenye nyasi. Ilikuwa kweli tupu. Hata ile picha ya simu ilikuwa ya mkono wa kulia. Mama mwenye adabu zake ametuma mkono wa heshima, binti yake ameubeba kwa heshima, nami nimeupokea kwa heshima, hakuna aliyekumbuka kwamba manati hushikwa na mkono ule mwingine. Tulikuwa tumeheshimiana mpaka tukampa tumbili wimbi.

Nikapaza sauti bila kugeuka: "Mwambie nitachonga nyingine!" Lakini kifuani nilijua. Panda mbichi itachukua wiki nyingi kukauka, na wimbi la chini lilikuwa linaisha kwa macho. Nikaanza kuwaza wageni wamekaa, na mama mkwe amejifungia jikoni kwa kiapo chake.

"Mwambie mwenzako," mama mkwe akasema, ingawa nilikuwa hatua chache na masikio yangu ni mazima, "hakuna nyingine. Hii ni yangu."

"Mama, lakini haikushiki."

"Inashika mkono wa kulia, sitaishika na mkono wa kulia? Nitavuta na huu mwingine. Huu mwingine umekamua ng'ombe tangu yeye hajazaliwa. Ama ng'ombe ana chuchu za upande mmoja?"

Mke wangu akageuka kwangu aniletee ujumbe.

"Nimesikia," nikasema.

Juma lile mke wangu alikuwa akipiga simu Manga kila jioni, na kila jioni nyuma ya sauti ya mdogo wake nilisikia debe la shabaha likilia. Mwanzo lililia mara moja moja. Baadaye likawa linalia kama ngoma ya kanisa. Shemeji yangu, yule bibi harusi mtarajiwa, alilalamika kwamba mama anapika manati ikiwa shingoni, anakwenda nayo kisimani, na anaipaka samli ya kienyeji, samli ambayo yeye bintiye ananyimwa kupaka hata mkate.

Tuliporudi tena, nilisimama nje ya ua uleule. Safari hii mama mkwe alimwagiza mke wangu anigeuze, maana tumbili, alisema, si wakwe zangu na ninaruhusiwa kuwaona. Basi nikageuka nikakaza macho juu ya mwamba. Dume lilikuwa limekaa hapo, limekumbatia masuke, likitafuna polepole.

Sikumwona mama mkwe. Nilisikia tu mpira ukinyooka, sauti ndogo ya kukaza, tena ndefu kuliko nilivyozoea, kwa sababu mkono wa mkamuaji hauna haraka. Halafu fyuu.

Jiwe la Tabaka lilipasuka kwenye mwamba, kiganja kimoja kutoka mkiani. Vumbi jeupe likamfunika yule bwana kutoka kisogoni hadi kiunoni. Aliruka juu nikadhani harudi. Aliposhuka alikuwa mweupe kama mtoto aliyetoka kuogeshwa akapakwa poda, akakimbilia wenzake, na wenzake walipoona kiumbe kile kinawajia, walipiga kelele wakateremka ukingo kwa pamoja, na yeye nyuma yao, na kadiri alivyowafuata ndivyo walivyokimbia. Naamini walivuka Nyamira nzima siku hiyo, na sitashangaa wakiwa Tanzania.

Mama mkwe alipiga kigelegele kikarudi kutoka upande wa pili wa bonde. Mimi nilicheza peke yangu nje ya ua, nikaharibu suruali nzuri kwa miba.

Wimbi la chini lilikomaa likavunwa lote. Wageni walipokuja, obokima uliwekwa mezani ukitoa moshi, mweusi unaong'aa, na mzee mmoja wa kando ya ziwa, aliyekuwa amesema anaonja tu kwa adabu, alimaliza wa kwake akaanza kuangalia wa jirani. Akauliza ni nani mwenye shamba hili, ampongeze. Mama mkwe akatoka jikoni kwa miguu yake mwenyewe, leso mpya kiunoni na manati ikining'inia juu ya leso. Mzee aliitazama kwanza, kisha akamsalimia kwa kuinama sana, kuliko nilivyowahi kuinama mimi.

"Kula, baba," mama mkwe akamwambia. "Iko nyingi."