Mabega ya Fe'ao

Siosaia, mwoka mikate wa mji wetu wa Neiafu, alikuwa mtu wa kushuku. Ukimsalimia kwa uchangamfu, alikwenda kwanza kuhesabu nguruwe wake ndipo akakuitikia. Lakini kuhubiri alijua, hilo hata adui zake walikubali, na adui zake walikuwa wengi kuliko wateja.

Mwaka ule kanisa likaamua kutoa kalenda yenye picha za wahubiri wa zamu, zote saizi moja, asije mtu akalia kwamba mwenzake kapewa ukuta mkubwa. Kazi akapewa Kalolaine, binti wa dada yake Siosaia, mwenye duka la kutengeneza picha. Kalenda ikishatoka, waumini wangechagua msimamizi mkuu. Siosaia alikitamani kiti kile mpaka usingizini. Mshindani wake alikuwa mmoja tu, Fe'ao seremala, mwembamba hata upepo ukivuma mkewe humshika mkono.

Siosaia akapita dukani, eti anasalimia. Kwenye kompyuta akamwona Fe'ao. Mabega yale! Shingo ya fahali, mashavu yameshiba! Na huku Tonga mtu mnene ndiye mtu. Mwembamba huulizwa nani anamnyima chakula.

"Kalolaine! Huyu nani?"

"Fe'ao, mjomba. Humjui?"

"Ninayemjua mimi hupenya kwenye uzio bila kufungua lango. Amekuletea nini?"

"Picha."

"Na nini tena?"

"Salamu zako."

"Salamu zangu! Unaona? Kuna jambo!" Akainama chini ya meza, akaibuka na kikapu cha viazi vikuu. "Na hivi?"

"Si umevileta wewe juzi, nikutoe chunusi za puani kwenye picha?"

Siosaia akakohoa. Mwingine angemkaripia, lakini kwetu mtoto wa dada ni mkubwa wa mjomba wake, akikutania, unameza.

"Sikia," Kalolaine akasema. "Fremu ya kalenda ni pana, na Fe'ao kaleta picha ndefu, kasimama kama mlingoti. Nikikata juu, kichwa kinakwenda. Nikikata chini, mkeka wa kiunoni unakwenda. Mhubiri bila mkeka wa heshima! Nikaona nimvute kwa upana kidogo."

"Kidogo? Umemvuta mpaka amekuwa ndugu wa mfalme! Kata chini."

Kalolaine akabofya. Fe'ao akarudia wembamba wake, mkeka hakuna, kama mtu aliyefumaniwa akioga. Moyo wa Siosaia ukachezacheza kwa furaha. Mara ukasimama. Watu watauliza nani kamvua mkeka. Watajibiwa: mpwa wa Siosaia.

"Rudisha! Haraka! Nani kakutuma unitege?"

"Wewe ndiye uliyeniambia nikate!"

"Hata kama! Kalenda haitoki mtu akiwa hana mkeka, na mimi nimo."

Kalolaine akafikiri. Akamrudisha Fe'ao mzima, mwembamba wa Mungu, na pembeni palipobaki wazi akajaza michoro ya ngatu, kile kitambaa chetu cha magome.

Siosaia akaruka. "Sasa umemtandikia ngatu kama bwana harusi! Na mimi nitandikie."

"Wewe umejaa fremu yote, mjomba. Ukitaka ngatu, lazima upungue."

Tangu azaliwe hakuna aliyemwambia apungue. Akauangalia uso wake mkubwa, akaiangalia ngatu ya mwenzake.

"Niache nilivyo," akasema mwisho, kwa uchungu wa kweli.

Siku ya uchaguzi, kabla watu hawajatulia vitini, Fe'ao akasimama.

"Ndugu zangu, nilitaka kiti hiki. Lakini Kalolaine kaniambia ni nani aliyepiga kelele dukani picha yangu isitoke bila mkeka. Mimi namchagua Siosaia."

Kanisa zima likaitikia. Siosaia akasukumwa mpaka mbele, akaketishwa, akashikwa mikono na kila mtu. Fe'ao akamkumbatia kwa nguvu kuliko wote, akarudi kukaa akitabasamu.

Siosaia akamwita mpwa wake kwa jicho. Akamnong'oneza:

"Kuna nini kwenye kiti hiki ambacho Fe'ao anakijua na mimi sikijui?"

"Mjomba, hubiri."

"Kwa nini anacheka?"