Mkate wa Kwanza kwenye Meza ya Wageni

Harufu ya mikate ya mchele ikikaangwa kwa mawese ndiyo iliyomvuta Zawadi, binti yangu mdogo, hadi meza ya wageni. Akanyoosha mkono. Mjomba wangu, anayepokea wageni hapa siku hizi, akamchapa kibao mbele ya msafiri kutoka upande wa Wamaza aliyekuwa anangoja chai.

"Meza iko ya wageni. Watoto wakule kule nyuma, pamoja na kuku."

Msafiri akamtazama mtoto, akatazama sinia, akalisukuma polepole. "Mie nitakula njiani, mzee."

Hapo uvumilivu wangu uliisha, nikamfokea Mjomba. Sebule ile naijua kuliko Mjomba.

Nyumba iliachwa na Nyanya, hapa Kasongo: kuta nene za udongo zinazotunza baridi, mlango uliochongwa na mafundi wa zamani. Nyanya alilaza wasafiri. Asubuhi sebule ilinukia mchaichai, nasi wajukuu tulijibana nyuma ya pazia tukichungulia nani kaamka na uso gani. Kabla mgeni hajagusa kitu, Nyanya aliniita: "Weye mwenye macho mengi, kuya." Nilipofika, akamwambia mgeni: "Mchagulie mkate."

Mgeni alichagua, mara nyingi ule wa chini kabisa. Nilikula, nikanywa funda la chai ya birika lile lile la mgeni, naye akinikodolea macho mpaka nimeze. Ndipo akacheka na kunawa. Kwa nini wa chini? Kwa nini asile kwanza, naye ndiye mwenye njaa? Nyuma ya pazia binamu zangu walininunia: "Kipenzi cha Nyanya huyo." Nilivimba kichwa.

Nilielewa nilipokwisha kuzaa. Kwetu mtu akiumwa tumbo ugenini, neno la kwanza ni sumu. Nyanya hakuapa wala kujieleza. Alimweka mjukuu wake mezani, basi. Koo langu ndilo lililokuwa jina zuri la nyumba ile. Kidogo nilimkasirikia. Lakini nani hutoa kiapo kwa kitu asichokipenda?

Mjomba anasema nimemfukuzia mgeni kwa makelele. Mgeni aliona mtoto wa nyumba anazuiwa mkate. Nani angekula?

Basi nilimbeba Zawadi mgongoni hadi kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, nikasimama, nikasema hivi:

"Ninamshitaki mjomba wangu kwa kumpiga mtoto wangu juu ya mkate. Naomba aitwe, aombe radhi kwenye meza ile ile. Mkate wa kwanza, mgeni atakayekuja amchagulie Mjomba, amtazame akimeza. Wa pili, Mjomba mwenyewe ampe Zawadi."